Kuvuka Masika Sikonge

Mkulima wa tumbaku wa Sikonge, mkoani Tabora, hulipwa mara moja kwa mwaka. Miche huoteshwa kitaluni, huhamishiwa shambani mvua zikianza, majani huvunwa na kukaushwa kwa moto wa kuni ndani ya bani, kisha marobota husubiri chama cha msingi kifungue soko. Mkopo wa mbolea na madawa ukishakatwa, kinachobaki huja kwa mkupuo. Halafu safari ya kungoja soko jingine inaanza upya, na katikati yake ipo Januari, yenye mahitaji ya shule, palizi na ghala lililopungua. Ule ushauri wa kutenga sehemu ya mshahara kila mwisho wa mwezi hauna pa kushika hapa.

Wapo wanaohitimisha kwamba mtu wa kijijini hajui kuweka akiba. Sikubaliani nao. Wanyamwezi, wenyeji wa huku, wameweka akiba tangu zamani, ila hawapendi kuiacha katika umbo ambalo kila mwenye shida, au mwenye tamaa, anaweza kulichota. Wapagazi wa karne ya 19, waliobeba pembe za ndovu kutoka Unyanyembe hadi Bagamoyo, walilipwa kwa vitambaa vya merikani na kaniki, ushanga na waya. Kitambaa kilichofika nyumbani hakikukosa shemeji wa kukiomba. Basi sehemu yake iligeuzwa mifugo au majembe ya chuma, ambayo yalipokelewa sokoni na hata kwenye mahari. Katika misitu ya kusini mwa Tabora, mbung'o waliwazuia wengi kufuga ng'ombe, kwa hiyo akiba ilitafuta mahali pengine pa kukaa.

Ilikaa kwanza chakulani. Mvua zikikatika na viazi vitamu vikachimbwa, kina mama huanza kazi ambayo mgeni huiona ya kawaida tu. Viazi vinavyomenywa, kukatwa vipande na kuanikwa vibichi huwa michembe. Vinavyochemshwa kwanza ndipo vikakatwa na kuanikwa huwa matobolwa. Huanikwa juu ya mwamba, kichanja au turubai hadi vikauke kabisa, kisha huhifadhiwa, zamani katika vilindo vya magome, leo katika viroba. Mahindi yakiisha kabla mapya hayajakomaa, michembe huchemshwa, mara nyingi pamoja na karanga, na nyumba ikala. Mfuko wa dharura wa kaya nyingi ni huo, na anayeusimamia ni mama. Baba akiuza mahindi yote wakati wa bei mbaya, michembe haimo katika mauzo yake. Hakuna mlanguzi anayekuja na lori kuitafuta.

Akiba ya pili iko msituni. Mrina asali hutundika mizinga juu ya miti ya miombo na kuwaachia nyuki kazi. Asali iliyokomaa haiozi, na ndoo moja iliyofichwa uvunguni huweza kungoja mpaka mtoto alazwe hospitali. Lakini mzinga wa gome huua mti uliochunwa, na bani la tumbaku linakula kuni za msitu uleule. Zao linaloleta fedha linaichoma akiba ya jirani, na hili huzungumzwa kidogo mno kuliko uzito wake.

Siku hizi fedha yenyewe imepata pa kujificha: vikoba. Mfumo huu wa kuweka na kukopa ulianzia Niger mwaka 1991 kwa msaada wa shirika la CARE, na Tanzania ukapokelewa kama ndugu wa upatu. Wanachama hununua hisa kila mkutano. Fedha hukaa katika sanduku lenye makufuli matatu, funguo zikiwa kwa watu watatu, na anayelala na sanduku hana hata mmoja. Pembeni ya hisa kuna mfuko wa jamii: kila mtu huchangia kiasi kilekile, kidogo, na msiba au ugonjwa ukitokea mhusika hupewa bila riba. Tangu sheria ya huduma ndogo za fedha ya 2018, vikundi hivi hutakiwa kusajiliwa.

Mfuko wa jamii una mpaka wake. Unamfaa aliyefiwa wakati wenzake wako salama. Mvua ikikosekana, au tumbaku ikikosa mnunuzi, wote hunyoosha mkono siku moja, na sanduku huwa tupu kabla ya mzunguko kumalizika. Siku kama hizo ndipo kiroba cha michembe kinapofunguliwa, kwa kuwa hakikutegemea bei ya mtu.

Ndiyo maana tarehe ya mgao, siku wanachama wanapogawana akiba mwishoni mwa mzunguko, huzua ubishi kuliko riba. Vijana hutaka wagawane soko la tumbaku likiwa limechangamka, pikipiki na mabati yakiwa madukani. Kina mama husema mgao ungoje Desemba, fedha itoke ikienda moja kwa moja kwenye mahitaji ya shule na kibarua cha palizi, na mfuko wa jamii usiguswe, ubaki sandukuni, kikundi kianze nao mwaka.