Nani Atakayeandika Habari za Binti Zetu?



Ni vigumu leo kuupata mtaa katika pwani yetu, tangu Lamu hadi Vanga, usiokuwa na nyumba iliyomuaga binti kwenda Arabuni kutafuta riziki. Wapo waliorudi salama, wakajenga na kuwasomesha wadogo zao. Wapo waliorudi mikono mitupu. Na wapo ambao simu zao zimenyamaza, mama zao wasijue wamuulize nani. Kila nyumba inaijua habari ya binti yake, lakini habari ya mabinti wote kwa jumla hakuna nyumba inayoijua. Wakala humsimulia mzazi habari za waliofanikiwa, jirani humsimulia habari za walioteseka, na baina ya kauli hizo mbili mzazi hana mizani ya kupimia.

Mizani hiyo ina watu wake. Wapo wataalamu wanaotumia umri wao wote kuuliza maswali matatu: kwa nini watu huhama makwao, wanatendewa vipi kazini, na kwa nini mmoja huzaliwa katika wingi na mwenzake katika uhaba. Wiki hii tumependa kuzungumza nanyi juu ya kazi ya watu hao. Watoto wetu wanapofaulu mitihani huelekezwa kwenye udaktari, uhandisi na uhasibu, nazo ni kazi za heshima. Lakini utafiti wa jamii hautajwi kabisa katika vikao vya jamaa, kana kwamba ni kazi ya watu wengine.

Elimu isiyo ngeni kwetu

Katika Suratul Qasas tunasomeshwa habari za Nabii Musa (a.s.), aliyetoka Misri akiwa mkimbizi na kuingia Madyan akiwa mgeni asiye na kitu. Binti wa mzee wa huko ndiye aliyemshauri babake amwajiri, na muda wa kazi ukatajwa wazi kabla ya kazi kuanza: miaka minane, na ikitimia kumi, hiyo ni hiari yake. Mhamiaji, mwajiri na mapatano: mambo hayo matatu ndiyo wanayoyachunguza watafiti hadi leo.

Ibn Khaldun, aliyezaliwa Tunis mwaka 1332 na kufariki Cairo mwaka 1406, aliyafanya mambo hayo kuwa elimu yenye misingi. Katika Muqaddima yake, aliyoiandika mwaka 1377, alieleza jinsi watu wa jangwani wanavyohamia mijini, na jinsi kazi ya mwanadamu ilivyo chanzo cha chumo lake. Kuwafanyisha watu kazi pasi na ujira alikuhesabu miongoni mwa dhuluma kubwa zinazobomoa miji.

Ulaya nako, mwaka 1885, Ernst Georg Ravenstein, mzaliwa wa Frankfurt aliyeishi London, alizichukua hesabu za sensa ya Uingereza akazichambua. Akaonyesha kwamba wahamaji walio wengi huenda masafa mafupi, na kwamba katika masafa hayo wanawake huhama zaidi ya wanaume, kinyume cha walivyodhani watu. Msomaji wa pwani atapenda kujua kwamba bwana huyo huyo ndiye aliyeihariri kwa Kiingereza, mwaka 1898, habari ya safari ya kwanza ya Vasco da Gama, iliyopita Mombasa na Malindi.

Mombasa iliyoandikwa

Mji wetu wenyewe umeandikwa na watu wa kazi hii. Mwanahistoria Mmarekani, Frederick Cooper, alichapisha mwaka 1987 kitabu kizima juu ya makuli na vibarua wa bandari ya Mombasa wakati wa ukoloni. Humo mna habari za vibarua wa kutwa walioajiriwa asubuhi na kuachwa jioni, na za mgomo mkuu wa Januari 1947, ambapo wafanyakazi walikusanyika katika uwanja ulioitwa Kiwanja cha Maskini. Wengi wa vijana wetu hupita njia hizo kila siku, wala hawajui kwamba mshahara wa babu zao uligombewa hapo.

Kitabu kingine ni cha Sarah Mirza na Margaret Strobel, cha mwaka 1989, ambacho baadaye kilitolewa kwa Kiswahili pia. Wanawake watatu wa Mombasa walikaa wakasimulia maisha yao kwa lugha yao wenyewe: malezi, ndoa, ngoma, kazi na mauti. Mmoja alikuwa wa ukoo wa waungwana, na mwingine wa kizazi cha watumwa. Msomaji akiwasikia wote wawili huujua mji kwa pande zake mbili. Lau hakutokea mtu wa kuwauliza na kuwasikiliza, masimulizi yao yangezikwa pamoja nao.

Kazi yenyewe ilivyo

Mtafiti si mpelelezi, wala si mtu wa kuokota uvumi. Kwanza hutafuta kibali, na hapa Kenya kibali hicho hutolewa na Tume ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu. Kisha huchagua watu wa kuwahoji kwa uangalifu, kwani akiwauliza walioumia tu, au walionufaika tu, hesabu yake itapinda. Humweleza kila mtu kwamba ana hiari ya kujibu au kukataa, na huyaficha majina. Baada ya hapo huanza kusikiliza, saa baada ya saa, na jioni huyaandika aliyoyasikia. Mwisho huyalinganisha: alichosema mfanyakazi na kilichoandikwa katika mkataba, alichodai wakala na kilichoingia benki.

Aliyesoma chuoni atautambua mwendo huu. Wanavyuoni wa hadithi hawakuipokea kauli ila kwa isnadi, na Imam Bukhari alizunguka miji kwa miji kuwakuta wapokezi wenyewe. Suratul Hujurat nayo imetuamrisha kuhakikisha habari kabla ya kuitendea kazi, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua. Mtafiti mwaminifu amebeba amana ya namna hiyo.

Na hapa pana jambo ambalo binti zetu wanalo, na wengine hawanalo. Aghalabu dhuluma ya mfanyakazi wa nyumbani hutendeka jikoni na chumbani, mahali ambapo mwanamume mgeni haruhusiwi kuingia. Mtafiti wa kike huingia. Akiwa anajua Kiswahili cha kwao na ameonja Kiarabu cha chuoni, basi ana funguo mbili ambazo mwenzake wa mbali atatumia miaka kuzitafuta.

Matunda yake

Mtu anaweza kuuliza: maandishi hayo yamemfaa nani? Tutaje machache. Mwaka 2011 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba Nambari 189 juu ya wafanyakazi wa nyumbani. Mkataba huo unampa mfanyakazi haki ya kukaa na pasipoti yake mwenyewe, kupumzika saa 24 mfululizo kila wiki, na kupata masharti ya kazi kwa maandishi kabla ya kuvuka mpaka. Pamoja na sauti za wafanyakazi wenyewe na vyama vyao, kulihitajika hesabu za kuonyesha ukubwa wa jambo. Mwaka 2021 shirika hilo lilikadiria kwamba wafanyakazi wa nyumbani duniani ni milioni 75.6, na zaidi ya robo tatu yao ni wanawake.

Ni kwa kazi ya wachunguzi pia ndipo tunapoweza kusoma sheria hadi ndani. Mwaka 2020 Qatar iliondoa sharti la mfanyakazi kupata idhini ya mwajiri ili ahamie kazi nyingine. Mwaka 2021 Saudi Arabia nayo ililegeza masharti kama hayo, lakini wafanyakazi wa nyumbani hawakuingizwa katika mabadiliko hayo. Mzazi aliyesikia tu kwamba sheria zimebadilika angedhani binti yake amelindwa, kumbe sivyo.

Mtafiti mwingine, Rhacel Salazar Parreñas, mzaliwa wa Ufilipino, aliwafuata wanawake wa kwao waliokwenda kutumika Roma na Los Angeles. Mwaka 2005 akatoa kitabu juu ya watoto waliobaki nyumbani. Alikuta kwamba mama anapoondoka, mara nyingi baba hauchukui mzigo wa malezi. Huwaangukia bibi, khalati au binti mkubwa. Naye mama, huko aliko, huendelea kulea kwa simu. Watoto waliohisi kutupwa waliumizwa pia na yule mzazi aliyebaki karibu lakini hakuinuka. Akina baba wa pwani tuliozoea kusema "mama yao yuko Arabuni" tuna la kujifunza hapo.

Njia ya kuifikia

Katika mtaala mpya, sekondari ya juu ina mkondo wa sayansi za jamii. Mtoto anayependa kuuliza, anayeandika vizuri na asiyekimbia hesabu anaufaa. Chuo kikuu atasoma sosholojia, anthropolojia, sheria, uchumi, jiografia au takwimu, kwa kawaida miaka minne. Shahada ya uzamili huchukua kama miaka miwili zaidi, na ya uzamifu mitatu au zaidi. Chuo Kikuu cha Pwani kiko Kilifi, na Chuo Kikuu cha Nairobi kina Taasisi ya Masomo ya Maendeleo tangu mwaka 1965. Baadaye ajira hupatikana vyuoni, katika idara ya takwimu ya taifa, katika mashirika ya kimataifa ya kazi na uhamiaji, na katika jumuiya za haki kama zile zilizo Mombasa.

Hatutaki kuwapamba wazazi kwa maneno. Mishahara ya mwanzo si mikubwa, mikataba mingi ni ya miezi au ya mwaka, na wengi huanza kwa kazi ndogo ya kukusanya majibu nyumba kwa nyumba, kama makarani wa sensa ya 2019. Anayetafuta utajiri wa haraka atachoka njiani. Anayetaka neno lake liwafae watu asiowajua atapata pa kusimama.

Mlango wetu wenyewe

Limebaki moja, nalo ni zito. Siku mtafiti huyo atakapobisha hodi, hatauliza habari za Riyadh na Doha peke yake. Atauliza pia habari za msichana aliyetoka Ganze au Kinango, anayeamka alfajiri kutupikia na kulala baada yetu. Je, analipwa lini? Ana siku yake ya mapumziko? Kitambulisho chake kiko kwa nani? Akiugua hutibiwa na nani?

Suratul Mutaffifin inawaonya wale ambao wakijipimia hutaka kipimo kitimie, na wakiwapimia wenzao hupunguza. Hatuwezi kuwadai Waarabu haki za binti zetu kwa kibaba kilichojaa, kisha tukampimia binti wa mwenzetu kwa kibaba kilichotoboka. Tumefundishwa kumlipa mfanyakazi jasho lake likingali bichi, na amri hiyo haikubagua baina ya jikoni kwetu na jikoni kwa mwingine.

Basi, wazazi wetu, tunawausia mambo matatu. Binti anayesafiri asiondoke mpaka mkataba wake usomwe na mtu anayeujua, na nakala ibaki nyumbani. Mtafiti mwenye kibali asifukuzwe mlangoni. Aulizwe maswali, na akiridhisha, aelezwe ukweli. Na mtoto anayesema anataka kusomea mambo ya watu na kazi zao asichekwe kwamba hilo si somo. Yeye huenda ndiye atakayejibu swali ambalo mama fulani, usiku huu, anaiuliza simu yake iliyonyamaza.

Mwenyezi Mungu awarejeshe salama walio mbali, na awape uadilifu walio na watu chini ya mikono yao. Wabillahi tawfiq.