Je, Wajua? Mwinuko wa Ufipa Huipunguzia Nguvu Mashine ya Usingizi

Mashine ya CPAP husukuma hewa puani ili koo lisizibe na pumzi isikatike usingizini. Msukumo wake hupimwa kwa sentimita za maji, kwa kawaida kati ya 4 na 20.

Sasa, aliyepangiwa kipimo chake Dar es Salaam kisha akapanda nayo hadi Mollo, Sumbawanga, kwenye uwanda wa Ufipa, ajue hili: uwanda huo uko takribani mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na mgandamizo wa hewa huko umepungua kwa karibu moja ya tano. Feni ya mashine ya zamani huzunguka kwa kasi ileile, ila hewa ni nyepesi. Msukumo hushuka, mkoromo hurudi. Nyingi za sasa hujirekebisha zenyewe.

Msukumo ukizidi nao ni taabu: tumbo hujaa hewa, barakoa huvuja. Na baridi ya Juni na Julai, ambayo Ufipa haina utani, hugeuza mvuke kuwa maji ndani ya mpira unaopeleka hewa kwenye barakoa. Upitishe chini ya blanketi.

Daktari Colin Sullivan wa Australia aliitangaza tiba ya CPAP mwaka 1981, kwa wagonjwa 5 tu.

Usibadili namba ya msukumo mwenyewe. Mpelekee daktari kumbukumbu za mashine.