Kadi za kutengeneza kwa mikono: Urembo bila hesabu ni hasara

KUNA wakati ambapo sebule nyingi za mjini, iwe ni Buruburu, Kisauni au Milimani kule Kisumu, hazikukosa uzi ukutani kila ifikapo Desemba. Juu ya uzi huo kadi za Krismasi zilipangwa mfano wa nguo kwenye kamba, na mgeni aliyeingia alizihesabu kimoyomoyo ili ajue mwenye nyumba ana marafiki wangapi. Oktoba nayo ilikuwa ya watahiniwa. Wachuuzi walijaa kando ya barabara na kadi za heri njema, nyingine zikilia muziki mara tu unapozifungua.

Kisha simu ya mkononi ikaja na kuziondoa kadi hizo ukutani. Salamu zilizohitaji bahasha, stempu na safari ya posta sasa hufika kwa sekunde chache, tena bure. Kadi za watahiniwa nazo zilipata pigo lingine mwaka 2016, serikali ilipopiga marufuku siku za maombi na wazazi kutembelea shule katika muhula wa tatu ili kuziba mianya ya wizi wa mitihani.

Basi msomaji atauliza: kwa nini leo mtu mwenye akili timamu aingilie biashara ya kutengeneza kadi? Swali ni zuri, hasa kwa mama anayetafuta kitu cha kuongezea karo, au kijana aliyemaliza kidato cha nne na bado anasubiri kuitwa chuoni. Jibu ni kwamba biashara ipo, lakini si ile ya zamani. Anayeiingilia bila kupiga hesabu huenda akatoka na vidole vilivyojaa gundi na mfuko mtupu.

KADI IMEBADILI KAZI

Kadi za kuuzwa zilianza kama njia ya kuokoa muda. Mwaka 1843 huko London, Henry Cole alikuwa na watu wengi wa kuwaandikia barua za Krismasi na muda ulikuwa mfupi. Alimwomba mchoraji John Callcott Horsley amtengenezee kadi moja, akaichapisha nakala kama 1,000, na zilizobaki zikauzwa shilingi moja ya Kiingereza kila moja. Shilingi hiyo haikuwa pesa kidogo kwa kibarua wa siku hizo.

Leo kazi ya kuokoa muda imechukuliwa na simu. Kilichobakia kwa kadi ni kazi ambayo simu haiwezi, nayo ni kuwekwa. Ujumbe wa simu husomwa na kusahaulika, lakini kadi ya harusi, ya kuhitimu chuo au ya kumfariji mfiwa huhifadhiwa ndani ya Biblia, ndani ya Kurani au katika droo ya kabati kwa miaka. Kwa hiyo mnunuzi wa kadi siku hizi hatafuti kadi ya bei ya chini. Anatafuta ile ambayo mpokeaji hataitupa.

Hapo ndipo mtengenezaji mdogo hushinda kiwanda. Kiwanda cha ng'ambo hakitengenezi kadi yenye kipande cha kanga, wala hakiandiki "Hongera kwa kupata mtoto" au "Pole kwa msiba" kwa Kiswahili fasaha. Hakijui kwamba kuna familia ingependa kadi ya mahari kwa Kikamba au Kiluhya. Mtalii naye anataka kitu chepesi cha kubeba kinachoonyesha alikotoka. Ndiyo maana kadi za maganda ya mgomba zimedumu katika masoko yetu kwa miaka mingi. Kule Kisumu kuna vikundi ambavyo vimetengeneza karatasi na kadi kwa gugumaji la Ziwa Victoria, na huko Kwale watu wametengeneza karatasi kwa mavi ya ndovu, ambayo kwa kweli ni nyuzi za majani tu zilizooshwa na kuchemshwa.

VIFAA NI VICHACHE

Uzuri wa kazi hii ni kwamba haihitaji mashine. Unahitaji karatasi ngumu, bahasha, rula ya chuma, wembe au kisu cha kukatia karatasi, gundi nyeupe, na mabaki ya urembo. Mafundi wa nguo mtaani hutupa vipande vya kitenge kila siku, waombe wakuwekee. Shanga zilizokatika, mbegu, maua yaliyokaushwa ndani ya kitabu kizito, vyote vina kazi.

Jambo la kwanza ni kipimo. Wengi huanza na kadi ya ukubwa wowote, kisha huzunguka mjini wakitafuta bahasha inayoitoshea bila kuipata. Anza na bahasha. Ile ya C6, yenye milimita 114 kwa 162, hubeba vizuri kadi ya A6, yaani milimita 105 kwa 148. Ukikata karatasi moja ya A4 katikati unapata vipande viwili, na kila kipande ukikikunja ni kadi moja ya A6. Ukinunua karatasi kubwa ya A1 utapata kadi 16 bila kutupa hata ukanda. Uzito wa karatasi uwe kati ya gramu 200 na 300 kwa mita mraba. Nyepesi zaidi ya hapo, kadi italala chali mezani.

Jambo la pili ni mkunjo. Mteja hutambua kadi ya mikono iliyofanywa ovyo kwa kutazama mgongo wake. Weka rula katikati, pitisha ncha ya kalamu iliyoishiwa wino ili ifanye mfereji mdogo, kisha kunja. Kila karatasi ina mwelekeo wa nyuzi zake. Ikunje kufuata mwelekeo huo na haitapasuka.

Jambo la tatu ni ukavu. Maganda ya mgomba yasiyokauka vizuri huota ukungu ndani ya bahasha. Yapangie jua, yafute vumbi, yapige pasi ya joto dogo, kisha ndipo uyakate. Gundi ya unga wa ngano iache. Hukunjamanisha karatasi na kuwaalika mende.

HAPA NDIPO WENGI HUANGUKA

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Tuchukue mfano wa msichana anayeishi Umoja na anayetengeneza kadi nyakati za jioni. Bei zinazofuata ni za mfano tu; weka zako mahali pake.

Tuseme karatasi inamgharimu shilingi 10 kwa kadi, bahasha shilingi 10, urembo 8 na gundi 2. Jumla ni shilingi 30. Wengi hukomea hapo, wakasema kadi ni shilingi 30 na wakiiuza 60 wamepata faida maradufu. Kumbe wamesahau mikono. Kadi moja ikimchukua dakika 15, anatengeneza nne kwa saa. Akijilipa shilingi 120 kwa saa, kila kadi imebeba shilingi 30 za jasho lake. Sasa kadi ni shilingi 60, na hiyo 60 aliyoiita faida maradufu haina faida yoyote.

Sasa anaamua kwenda kwenye maonyesho ya kazi za mikono. Meza inalipiwa shilingi 3,000. Nauli na chakula cha siku ni 600. Kabla jua halijachomoza, anadaiwa shilingi 3,600. Akiuza kadi kwa shilingi 100, kila moja inamwachia 40 za kulipia deni hilo. Ni lazima auze kadi 90 ndipo aanze kupata faida. Akiuza kwa 150, kila kadi inamwachia 90, na kadi 40 zinatosha kulipa meza. Tofauti ya shilingi 50 kwa bei imempunguzia nusu ya safari na zaidi.

Lakini tuseme mvua imenyesha, watu hawakuja, na kwa bei hiyo ya 150 ameuza kadi 20 pekee. Amepata 1,800 za kulipia 3,600. Hasara ni shilingi 1,800, na kama pesa za meza zilitoka kwa kodi ya nyumba au karo ya mdogo wake, hasara hiyo inaingia mpaka jikoni.

Kuna pia maduka ya zawadi yanayochukua bidhaa kwa mali kauli, yaani wanakulipa baada ya kuuza. Duka likidai nusu ya bei, kadi ya 150 inakuletea 75 tu. Ukitoa 60 zako, umebaki na 15. Si vibaya, kwani hukulipia meza wala hukupigwa na jua. Lakini kadi uliyoipangia bei ya 100 italeta 50, na hapo unamlipa mwenye duka ili akuuzie. Ndiyo sababu bei ifaa ipangwe ikiwa na nafasi ya mwuzaji mwingine tangu mwanzo.

CHAGUA MAONYESHO KAMA UNAVYOCHAGUA SHULE

Si kila umati ni soko. Umati uliokuja Jamhuri Park kwenye Maonyesho ya Kimataifa ya Nairobi umekuja kuona ng'ombe na kupanda bembea. Kadi ya shilingi 150 huenda ikawa jambo la mwisho akilini mwao. Maasai Market, soko linalohamahama siku baada ya siku jijini Nairobi, lina watalii, lakini pia lina mazoea ya kupatana bei mpaka jasho likutoke. Bazaa za shule, makanisa na majumba ya maduka miezi ya Novemba na Desemba ndizo zenye watu waliobeba orodha ya zawadi.

Kabla ya kulipa meza, nenda maonyesho hayo kwanza kama mteja. Tazama watu wanatoka na nini mikononi. Kisha waulize waandalizi maswali haya: Meza na kiti vimo katika bei? Kuna hema? Wauza kadi wengine ni wangapi? Mvua ikiharibu siku, pesa zinarudishwa? Hili la mvua si mzaha. Mvua za vuli huja kati ya Oktoba na Desemba, wakati huo huo wa bazaa za Krismasi, na karatasi na maji si marafiki.

Kwa anayeanza, ni afadhali kugawana meza na mtu anayeuza kitu tofauti, kwa mfano vyondo au mishumaa. Gharama inakatika nusu, na mmoja akienda msalani meza haibaki ukiwa.

SIKU YENYEWE

Kadi zilizolazwa mezani hazionekani na mpita njia. Zisimamishe. Maboksi matatu ya ukubwa tofauti yaliyofunikwa kitambaa cha rangi moja hufanya ngazi nzuri, na uzi wenye vibanio vya nguo huzuia upepo. Ziweke kivulini, kwani jua huchujua rangi. Andika bei waziwazi. Wateja wengi huona aibu kuuliza, wakapita.

Zipange kwa shughuli: kuzaliwa, harusi, rambirambi, kuhitimu, Idd, Krismasi. Nyingine ziache bila maandishi ndani. Funga tano tano kwa bei nafuu kidogo, maana anayenunua tano amekuokolea maneno ya wateja watano. Uwe na chenji, na nambari ya M-Pesa iliyoandikwa kwa herufi kubwa. Muhimu zaidi, kila kadi inapouzwa, tia alama daftarini ni ya aina gani. Jioni daftari hilo litakuambia kwamba ile uliyoipenda wewe iliuza mbili, na ile uliyoidharau iliuza 18.

Usizifunge katika mifuko ya plastiki. Marufuku iliyoanza Agosti 28, 2017 iligusa mifuko ya kubebea na ile bapa ya kufungia bidhaa. Mkanda wa karatasi unaoshika kadi na bahasha yake unatosha, na unapendeza.

MACHO KWA SHERIA

Usinakili vikaragosi vya filamu wala picha za msanii mwingine; kazi hizo zina hakimiliki hata kama umezichora upya kwa mkono wako. Bendera na nembo ya taifa pia zina sheria yake, na hazitumiwi katika biashara bila idhini. Waulize waandalizi iwapo leseni ya kaunti imo katika ada ya meza. Biashara ikishika, sajili jina lake kupitia eCitizen, kwa kuwa kampuni inayotaka kadi 200 za wateja wake itaomba risiti yenye jina.

Kwa wanafunzi na akina mama wanaotaka kujaribu, ushauri ni huu: usianze na meza. Anza na kadi 30. Wauzie wenzako wa chama, majirani, walimu na watu wa kanisani au msikitini. Pima muda wako kwa saa ya ukutani, wala si kwa kukisia. Zikiisha ndani ya mwezi kwa bei inayolipa mikono yako, chukua faida hiyo, na hiyo pekee, ukalipie meza ya kwanza. Zikikwama, umepoteza karatasi chache na jioni kadhaa, nayo karo ya watoto iko palepale ulipoiweka.