Moshi Uliotokea Kwenye Kiraka

Picha ilipigwa Novemba 2001. Inaonyesha tumbo la Boeing 747, upande wa mkia, na kiraka cha alumini kilichopigwa ribiti. Kandokando ya kiraka kuna michirizi ya kahawia. Ni moshi wa sigara.

Picha hiyo imenikaa kichwani. Abiria walivuta enzi ambazo sigara ilikuwa ruksa angani, na moshi wao ukapenya hadi nje, kupitia ufa ambao hakuna aliyejua upo. Miaka ikapita, sigara zikapigwa marufuku, madoa yakabaki. Mei 25, 2002, ndege hiyo ya China Airlines, safari namba 611 kutoka Taipei kwenda Hong Kong, ilikatika vipande karibu na visiwa vya Penghu. Wote 225 walikufa.

Balaa lilianza 1980, mkia ulipoburuza kwenye njia ya kurukia Hong Kong. Bati lililokwaruzwa halikukatwa, walisema wachunguzi wa Taiwan, na kiraka hakikulifunika inavyopasa.

"Kukwaruzwa si ajabu," aliniambia fundi mstaafu wa bodi za ndege jijini Dar es Salaam. "Lakini bati lile ni jembamba, mwanangu. Ndege ikipanda linavutwa, ikishuka linalegea, maelfu ya safari. Penye mkwaruzo ndipo panapoanza kupasuka. Kuweka kiraka juu yake ni kupaka rangi juu ya kutu."

Je, Mzee, wewe ungeuona ufa?

"Kwa nje kiraka kimeuficha. Kwa ndani hauonekani mpaka uwe umetoboa bati zima. Hapo macho hayatoshi, lazima vipimo." Kisha akagusa michirizi kwenye picha. "Lakini madoa haya ningeyauliza. Ndani ya ndege hewa imeshindiliwa, inatafuta pa kutokea. Sasa hii imetokea wapi?"

Halafu akasita. Tumbo la ndege huwa chafu siku zote, alisema: mafuta, vumbi, masizi. Fundi hupitisha kitambaa akaendelea na kazi.

Tatizo ni kwamba mpiga picha yule hakuwa mpita njia. Viraka ndivyo vilivyokuwa vikikaguliwa siku hiyo. Aliona nini? Nani mwingine aliitazama picha, na kwa muda gani?

Mzee alikataa kumhukumu yeyote. "Sikuwepo," alisema. "Ila ningetaka kujua zamu yao ilianza saa ngapi, na ndege ilikuwa inasubiriwa saa ngapi."