Kipupwe cha Newala: mbio, baiskeli na presha iliyojificha

Mwezi wa Julai, kabla jua halijachomoza, mtu akisimama kwenye ukingo wa Shimo la Mungu mjini Newala haoni kitu. Bonde la Ruvuma lililoko chini limelala ndani ya ukungu, na nchi ya Msumbiji iliyo ng'ambo yake hujitokeza tu jua likishapanda. Upepo wa kusi hupanda genge na kumpiga mtu kifuani. Wageni wanaodhani kwamba mkoa wa Mtwara ni joto na minazi tupu hufika huku juu na shati jepesi, na jioni ya kwanza wanaulizia duka la masweta.

Hapo ukingoni ndipo nilipoanzia mazoezi yangu nilipokuwa na umri wa miaka 46, tabibu mwenye miaka mingi ya kuwahimiza wagonjwa kufanya mazoezi ambayo yeye mwenyewe hakuyafanya. Mwaka mmoja kabla ya hapo nilikuwa nimegundulika kuwa na shinikizo la juu la damu. Nilikuwa nikimeza amlodipini na hidroklorothiazaidi kila asubuhi, na kwa kweli nilikuwa nikiona haya kidogo. Mwenzangu mmoja kazini, kijana, alinieleza habari za triathloni: kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia kwa mfululizo bila kupumzika katikati. Mchezo huo ulianza San Diego, Marekani, mwaka 1974, na ukaingia katika Michezo ya Olimpiki mwaka 2000 kule Sydney. Umbali wa Olimpiki ni kilomita 1.5 majini, 40 kwa baiskeli na 10 kwa miguu. Kwenye nchi za baridi kali upo hata wa majira ya theluji, ambapo kuogelea huachwa na badala yake watu huteleza juu ya theluji kwa mbao ndefu zilizofungwa miguuni.

Sisi hatuna theluji. Tunacho kipupwe, na tunao mlima. Nikajiwekea lengo: ifikapo Septemba nimalize umbali ule wa Olimpiki peke yangu, bila mashindano wala medali, nikianzia majini katika ghuba ya Mikindani.

Aliyewahi kusafiri kati ya Masasi na Newala anajua ninachosema kuhusu mlima. Masasi iko chini, katikati ya majabali makubwa yaliyosimama peke yake kama Mtandi. Newala iko juu kwenye ukingo wa uwanda wa Makonde. Mteremko unaoushuka kwa baiskeli kwa dakika chache, upepo ukikutoa machozi, utaupanda kwa muda mrefu ukihesabu mawe ya barabarani. Wiki ya kwanza nilishuka na kuisukuma baiskeli. Wiki ya tatu nilipanda nusu. Siku moja, nikiwa nimeinama juu ya usukani nikihema, nilipishana na mama mmoja wa makamo mwenye ndoo ya maji kichwani.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Unakimbizwa na nani?”

Sikuwa na pumzi ya kumjibu. Yeye alikuwa anapanda mlima uleule, na maji yaliyojaa ndoo ya lita 20 yana uzito wa kilo 20. Juu ya uwanda huu maji ya mvua huzama haraka ardhini, na chemchemi zipo chini ya genge. Kabla ya mradi wa maji wa Makonde kuanza katika miaka ya 1950, kushuka bondeni na kupanda tena na maji ndiyo ilikuwa kazi ya kila siku ya wanawake wa huku, na mabomba yanapokauka kazi hiyo hurudi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unamtaka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za shughuli za mwili za nguvu ya wastani, na unahesabu pia kazi za nyumbani, shambani na mwendo wa miguu. Mama yule alikuwa amezimaliza kabla ya Jumatano. Tangu siku hiyo, kabla ya kumwambia mgonjwa “fanya mazoezi”, humwuliza kwanza siku yake hupitaje. Wanaokosa mazoezi mara nyingi ni sisi wa mezani, wa dukani na wa juu ya bodaboda.

Baada ya wiki sita nilikuwa mtu mwingine. Kilo nne zilikuwa zimeondoka, usingizi ulikuwa mzito, na mlima niliupanda bila kushuka kwenye baiskeli. Asubuhi moja nilitoka mazoezini, nikaoga, nikaenda kazini, nikajipima: 128 kwa 82. Nikajiambia nimepona. Jioni hiyo nilizitia dawa kwenye mtoto wa meza na sikuzitoa tena.

Nayaeleza haya kwa kirefu kwa sababu wagonjwa wangu wengi wamefanya hivyohivyo, na nilikuwa nikiwagombeza bila kuelewa jinsi kosa lenyewe linavyofanana na akili timamu. Nilikosea mara tatu kwa pamoja. Kwanza, nilijipima muda mfupi baada ya mazoezi. Mishipa ya damu hubaki imetanuka mtu akishamaliza kukimbia au kuendesha baiskeli, na presha hushuka kwa saa kadhaa. Kipimo cha wakati huo hakisemi presha ya kawaida ya mtu. Pili, kipimo kile kilikuwa kazi ya mazoezi na dawa kwa pamoja. Mazoezi ya kudumu humpunguzia mwenye shinikizo la juu takriban milimita 5 hadi 8 za zebaki katika namba ya juu; ni faida kubwa, lakini kwa aliyeanzia 170, kama mimi, haitoshi peke yake. Tatu, amlodipini hutoka mwilini polepole. Ukiiacha leo, kesho na keshokutwa bado inafanya kazi, nawe unajiona mzima, na unapata ushahidi wa uongo kwamba hukuihitaji.

Kipupwe nacho kikaongeza lake. Baridi huibana mishipa midogo ya ngozi na ya viungo, na moyo hulazimika kusukuma dhidi ya mlango uliofungwa nusu. Ndiyo maana presha ya watu wengi huwa juu zaidi katika miezi ya baridi. Mimi nilikuwa nikitoka kitandani saa kumi na moja alfajiri, nikiwa sina dawa mwilini, na kuanza kupanda kilima kwa nguvu zote bila kuupasha mwili joto.

Wiki ya tatu baada ya kuacha dawa, katikati ya kilima, kichwa kilianza kugonga kisogoni na barabara ikaonekana kama iko nyuma ya kioo chenye mvuke. Nilikaa kwenye jiwe. Niliona aibu kumpungia mkono dereva wa bodaboda aliyepita, kisha nikaona afadhali aibu. Kazini, muuguzi mmoja mkubwa wangu kwa umri alinifunga mkanda wa kipimo bila kusema neno. Ilisoma 188 kwa 114. Akaniacha nikae dakika tano, akapima tena mkono wa pili. Karibu ileile.

“Daktari,” akasema, “dawa umemeza lini?”

Nikatazama dirishani. Hakunigombeza. Aliandika namba kwenye kadi yangu, akaniletea maji na dawa zangu. Baadaye alinieleza kwamba yeye hamwulizi mgonjwa kama anameza dawa, kwa kuwa kila mtu hujibu ndiyo. Huuliza: “Katika siku saba zilizopita, ni siku ngapi zimekupita bila dawa?” Swali hilo tayari limekubali kwamba siku hupita, na mgonjwa hujibu kweli. Nimeliiba, na ninawashauri wenzangu waliibe.

Nilipumzika wiki mbili, presha ikarudi chini ya 140, nikaanza upya kwa kutembea. Safari hii nilibadili saa. Badala ya alfajiri nilitoka saa mbili asubuhi au jioni kabla ya jua kuzama, nikitembea dakika kumi kabla ya kukimbia. Kipimo changu cha ukali kikawa mazungumzo: ukiweza kusema sentensi nzima, uko mahali pazuri, ukiweza kuimba, ongeza kidogo, ukishindwa maneno matatu, punguza. Kwa wanaomeza atenololi au propranololi kipimo hiki kina thamani ya pekee, kwa maana dawa hizo huzuia mapigo ya moyo kupanda, na anayejipima kwa kuhesabu mapigo atadhani hajachoka wakati amekwisha. Anayetumia dawa ya kukojoza maji kama yangu anywe maji hata kama baridi imemwondolea kiu. Mwenye kisukari anayetumia insulini apime sukari kabla. Ikiwa chini ya 5 ale kwanza, na mfukoni asikose kitu kitamu.

Kubadili saa kulinisaidia pia kwa jambo ambalo wakazi wa Masasi na Newala hawahitaji kuelezwa. Majira ya kipupwe ndiyo mikorosho inapochanua, na ndiyo majira ya kupuliza salfa dhidi ya ubwiriunga. Kazi hufanyika alfajiri, upepo ukiwa umetulia, na mashine zinapounguruma wingu la manjano hutanda juu ya mashamba na barabara. Mtu anayekimbia huvuta hewa nyingi mara nyingi zaidi ya aliyeketi, tena kwa mdomo, bila pua kuichuja wala kuipasha joto. Salfa huwasha macho na koo, na kwa mwenye pumu hubana kifua. Hewa ya baridi peke yake inatosha kufanya hivyo: kifua hubana wakati wa mazoezi au dakika chache baada ya kusimama, na mara nyingi huachia ndani ya saa moja. Vijana wengi wenye hali hiyo huitwa wavivu na walimu wao wa michezo. Mvuto wa salbutamoli kama dakika 15 kabla, pamoja na kupasha mwili joto polepole, huwaruhusu wengi wao kucheza kama wenzao. Asiye na chombo cha kuvutia anaweza kutengenezewa kwa chupa ya plastiki ya nusu lita iliyotobolewa kitako kwa kipimo cha kinywa cha kipumulio. Utafiti wa watoto kule Afrika Kusini ulionyesha kwamba chupa hiyo hufanya kazi kama chombo cha kununua. Lakini kukiwa na wingu la salfa, hakuna dawa inayozidi kubadili njia. Wenye selimundu nao, baridi na upungufu wa maji ni maadui wao wawili wa kale; mazoezi mepesi wanayaweza, ya kushindana na baridi ya alfajiri hapana.

Kuogelea ndiko kulikonitatiza zaidi. Juu ya uwanda hakuna mto. Bondeni kuna Ruvuma, na Ruvuma ina mamba. Kuna malambo na madimbwi upande wa Masasi, na kijana yule mwenzangu alinishauri niyatumie. Nilikataa, kwa sababu ya kichocho. Vijidudu vinavyotoka kwa konokono wa maji baridi hupenya ngozi kwa dakika chache tu, na kujifuta kwa taulo si kinga ya kutegemea. Aliyekwisha kuingia asikimbilie dawa siku ya pili yake: prazikwanteli, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, huua minyoo iliyokomaa na kuwaacha wachanga, hivyo hutolewa baada ya wiki sita hadi nane. Wauguzi wakumbuke pia kwamba kichocho cha via vya uzazi kwa mwanamke mara nyingi hutibiwa kimakosa kama ugonjwa wa zinaa.

Bahari haina kichocho. Nilikuwa nikishuka Mikindani mara mbili kwa mwezi, mwendo wa nusu siku kwa basi, kuogelea nikiwa karibu na ufukwe na kijana yule akiwa ndani ya mtumbwi wa kukodi. Siku nyingine nilifanya mazoezi ya mikono nyumbani kwa madumu ya lita tano, watoto wakicheka.

Septemba ilifika. Nilimeza dawa zangu pamoja na uji, nikaingia majini maji yakiwa yamejaa. Kilomita moja na nusu ilinichukua karibu saa nzima. Baiskeli nilienda nayo vizuri hadi kilomita ya thelathini, mnyororo ukachomoka, nikaurudisha kwa mikono iliyojaa grisi. Katika kukimbia nilikimbia kilomita sita, paja likakaza, na nne zilizobaki nilizitembea. Kijana mwenzangu alikuwa amenisubiri kwenye kivuli cha mwembe huku akila chungwa. Nilikaa dakika tano akanipima, kisha nikamwambia apime tena jioni, na mara ya tatu kesho yake asubuhi kabla sijagusa dawa.

Ya jioni ilikuwa 118 kwa 74. Ya asubuhi, 136 kwa 86. Niliandika kwenye kadi ile ya asubuhi.