Masharti ya Ufanisi wa Paneli za Jua katika Ukanda wa Maziwa Makuu

1.0 Utangulizi

Makala haya yanafafanua mazingira yanayoiwezesha paneli ya jua kutoa umeme mwingi kadiri inavyowezekana. Suala hili lina uzito kwa sera za nishati katika ukanda wa Maziwa Makuu, ambako vituo vya umemejua vimejengwa Rwamagana nchini Rwanda (megawati 8.5, 2014), Soroti nchini Uganda (megawati 10, 2016) na Mubuga nchini Burundi (megawati 7.5, 2021). Hoja kuu ni kwamba ukali wa jua pekee hautoshi kupima ubora wa mahali. Joto, mwinamo, kivuli na vumbi navyo huamua kiasi cha umeme kinachomfikia mtumiaji.

2.0 Mwanga na Joto

Uwezo unaoandikwa nyuma ya paneli hupimwa maabara, kwa mwanga wa wati 1,000 kwa mita ya mraba, seli zikiwa na joto la nyuzi 25 za Selsiasi. Hali hizo mbili hukutana kwa nadra nje ya maabara, kwa kuwa jua linalozalisha umeme ndilo linaloipasha seli joto. Paneli ya silikoni hupoteza takribani asilimia 0.4 ya uwezo wake kwa kila nyuzi inayozidi 25, na juani seli huweza kuizidi hewa kwa nyuzi 25 hivi. Kwa hiyo, hewa inapofikia nyuzi 35, seli hufikia 60 na uwezo hupungua kwa asilimia 14. Hewa ikiwa na nyuzi 22, kama ilivyo kawaida katika nyanda za juu, upungufu ni karibu asilimia 9. Juu ya paa la bati, nafasi ya kupitisha hewa chini ya paneli hupunguza hasara hiyo.

3.0 Mwinamo, Kivuli na Vumbi

Karibu na ikweta, mwinamo wa nyuzi 10 hivi hutosha, hasa ili maji ya mvua yaoshe paneli. Burundi iko kusini mwa ikweta, hivyo paneli zisizosogea huelekezwa kaskazini. Kiangazi cha Juni hadi Agosti, anga inapokuwa nyeupe, jua nalo huwa upande huo. Hata hivyo, kipindi hicho ndicho chenye vumbi jingi na kisicho na mvua ya kuliosha. Usafishaji hauna budi kupangwa. Rwamagana, paneli huzungushwa kulifuata jua kutoka mashariki hadi magharibi; umeme huongezeka, lakini mitambo ya kuzizungusha huhitaji matunzo.

Kivuli kidogo kina madhara makubwa. Kwa kuwa seli huunganishwa kwa mfuatano, seli moja iliyofunikwa na kivuli cha nguzo au tawi huzuia mkondo wa kundi zima.

4.0 Hitimisho na Mapendekezo

Zabuni inayotaja wati pekee hununua kipimo cha maabara. Kwa zahanati inayotegemea jokofu la chanjo, tofauti kati ya kipimo hicho na umeme halisi ni suala la uhai. Inapendekezwa kwamba mikataba itaje kilowati-saa zitakazopatikana kila siku katika mwezi wenye mawingu mengi zaidi, ukaguzi wa vivuli kabla ya ufungaji, na bajeti ya usafishaji wakati wa kiangazi.