SIKUKUU BAADA YA VITA

Wiki moja kabla ya Idi ya kwanza tangu dada yangu atangulie mbele ya haki, Mola amrehemu, mpwa wangu alinijia barazani na kitabu mkononi. Nilikuwa nimemwandama kwa siku kadhaa. Kila nilipomwona nilimwambia neno lile lile: matanga yamekwisha, mwanangu, siku ya Idi uje nyumbani ukae na wenzako, uvae vizuri, ucheke. Naye kila mara alinijibu, "Inshallah, Mjomba," kwa sauti ambayo mtu mzima huijua kwamba haina ahadi ndani yake.

Siku hiyo hakunipa inshallah. Alinipa kitabu.

"Kisome, Mjomba. Si kirefu."

"Kinahusu nini?"

"Hakina kitu. Watu wananunua zawadi za sikukuu, basi."

Nilicheka. Ndugu msomaji, mimi nimelelewa chuoni kwa maalim, na baadaye nikalelewa na tungo za wazee wetu. Sikuzoea kuletewa kitabu kwa sifa ya kwamba hakina kitu. Lakini ndani yake palikuwa na kipande cha karatasi, kimewekwa kama alama, na kipande hicho ndicho kilichonifanya nikisome hadi mwisho.

Kitabu chenyewe kinaitwa "A Court of Frost and Starlight", yaani, kwa tafsiri yangu, Kasri la Jalidi na Nuru ya Nyota. Mwandishi ni Mmarekani, Sarah J. Maas, mzaliwa wa New York mwaka 1986. Kilitoka Mei 2018. Ni hadithi ndogo ndani ya mfululizo mkubwa wa riwaya za mahaba na maajabu, mfululizo ambao vijana wetu wengi wa kike wanaufahamu kuliko sisi tunavyodhani.

WALIOTANGULIA

Hadithi hii haisomeki peke yake, kwa hiyo hatuna budi kurudi nyuma kidogo. Katika kitabu cha kwanza, cha mwaka 2015, yumo msichana wa kibinadamu aitwaye Feyre. Babake alikuwa tajiri wa merikebu. Merikebu zikazama na mali ikazama nazo, na binti mdogo akawa mwindaji ili dada zake wawili wapate kula. Siku moja msituni akamwua mbwa mwitu, kumbe si mbwa mwitu bali ni mmoja wa viumbe wenye uwezo wa ajabu wakaao ng'ambo ya ukuta, viumbe ambao msomaji wa pwani atawafananisha na majini wa hekaya zetu: wapo wema, wapo waovu, wana wafalme wao na majumba yao. Roho kwa roho. Feyre akachukuliwa kwenda kuishi huko.

Kitabu cha pili, cha 2016, na cha tatu, cha 2017, vinasimulia jinsi alivyoachana na mtu wa kwanza aliyempenda, Tamlin wa Kasri la Machipuko, akafungamana na Rhysand wa Kasri la Usiku, na jinsi vita vikubwa vilivyopiganwa dhidi ya mfalme wa Hybern. Katika vita hivyo, yule baba aliyekuwa amekata tamaa anarudi na merikebu, na tatu kati yake amezipa majina ya binti zake: Feyre, Elain na Nesta. Sisi tuliokulia karibu na bandari twajua uzito wa jina linaloandikwa ubavuni mwa chombo. Lakini baba huyo hakufika mbali. Mfalme wa Hybern alimvunja shingo mbele ya macho ya binti yake Nesta.

Vita vikaisha. Walio wema wakashinda. Kitabu kile kina kurasa zinazokaribia 700. Kisha, mwaka mmoja baadaye, ndipo kikatoka hiki kidogo, ambacho hakifiki kurasa 300, na ndani yake hakuna jeshi, hakuna mfalme mwovu, hakuna upanga unaochomolewa. Wasomaji wengi walinung'unika. Walisema hakuna kinachotokea.

SIKU JUA LINAPOSIMAMA

Sikukuu inayosimuliwa ni ile ya mchana mfupi kuliko yote katika mwaka. Sisi wa Mombasa na Lamu hatuijui siku hiyo kwa mwili, maana tunakaa karibu na ikweta, na tofauti ya mchana wetu mrefu na mfupi ni kama nusu saa tu. Lakini kwa watu wa kaskazini ni jambo kubwa. Kila Disemba, kwenye tarehe 21 hivi, jua hufika mwisho wa safari yake ya kusini, likaonekana kama limesimama, kisha likaanza kurudi. Waajemi mpaka leo hukesha usiku huo, wauitao Yalda, wakila makomamanga na matikiti na kusoma mashairi ya Hafidh. Maana ya usiku huo ni moja kila mahali: giza limefika ukomo wake, na kuanzia kesho litapungua.

Waandishi wa Kizungu nao wana desturi ya zamani ya kuutungia hadithi msimu huo. Charles Dickens alitoa kitabu chake cha Krismasi cha kwanza Disemba 1843, na kabla ya mwaka 1848 kwisha alikuwa ametoa vitano. Maas amefuata njia hiyo, ila amefanya jambo ambalo Dickens hakulifanya: ameiweka sikukuu yake katika mji ambao vita vimetoka kuupitia. Mji huo, Velaris, unajengwa upya. Mafundi wanagonga misumari, wenye maduka wanapanga bidhaa, na juu ya yote hayo theluji inaanguka polepole.

Feyre anatoka kwenda kununua zawadi. Mambo ni hayo hayo aliyonieleza mpwa wangu. Lakini tazama anayemkuta dukani. Anamkuta mfumaji wa kike aliyepoteza mumewe vitani, naye amefuma pazia kwa uzi mweusi unaomeza mwanga wote. Weusi huo ameuita Utupu. Katikati yake amepitisha uzi mwingine unaong'aa kwa rangi za ajabu, na huo ameuita Tumaini. Feyre anamwuliza anawezaje kuendelea kufuma ilhali mumewe hayupo. Jibu la mwanamke yule, kwa muhtasari wangu, ni kwamba hana hiari: asipofuma, basi yote yaliyopotea yatakuwa yamepotea bure.

Neno hilo linamwingia Feyre, kwa kuwa yeye ni mchoraji aliyeacha kuchora. Mwisho wake anafungua mahali pa kuwafundisha watoto wa mji kuchora, watoto walioona vitani yale ambayo mtoto hapaswi kuyaona. Hapo nikakiweka kitabu chini kwa muda. Nilijiuliza ni nani aliyesema kwamba hapa hakuna kinachotokea.

SISI NA TENZI ZETU

Mshairi wa pwani akiambiwa vita, anazo tenzi. Utendi wa Tambuka, uliotungwa Pate na ambao nakala yake ya mwaka 1728 ingali ipo, unasimulia vita na Warumi kwa farasi, panga na ushujaa. Utungo wa aina hiyo husogea kuelekea ushindi. Shairi likishafika kwenye ushindi, mtunzi hutaja jina lake, huomba dua, hufunga. Nani alilala njaa usiku uliofuata, au ni mtoto gani aliyeamka akilia, hayo hayamo.

Lakini tusijidhulumu, maana tunao utungo mwingine. Mwana Kupona binti Msham alikuwa mke wa Bwana Mataka, mkuu wa Siyu, mtu wa vita aliyepambana na dola ya Seyyid Said. Mataka alifariki mwaka 1856. Miaka miwili baadaye, mjane wake, hali ni mgonjwa, alishika kalamu. Angeweza kutunga utendi wa vita vya mumewe, maana mambo yake alikuwa nayo. Yeye akamwita bintiye akae karibu, akamtungia wasia wa mambo ya nyumbani: dini, adabu, mume, usafi, watu wa kuwaheshimu. Utendi huo ndio unaosomwa mpaka leo. Wako wanaouona ni utungo wa utiifu tu. Mimi huuona pia kuwa ni sauti ya mtu aliyesalia baada ya vita na mauti, anayejua kwamba atakayebaki ni huyo mtoto, na kwamba mtoto hawezi kuishi kwa masimulizi ya ushujaa peke yake.

Silinganishi daraja za watunzi hao wawili, la hasha. Nasema tu kwamba mwenendo huo wa kuacha uwanja wa vita na kuingia jikoni si upungufu wa habari. Habari zenyewe zimehamia huko.

KIPANDE CHA KARATASI

Sasa nije kwenye alama ya mpwa wangu. Ilikuwa imewekwa mahali panapomhusu Nesta, dada mkubwa.

Nesta alishuhudia shingo ya baba ikivunjwa. Vita vilipokwisha hakurudi kwa watu. Anakaa peke yake katika chumba kibovu, anakunywa, anakesha kwenye vilabu. Feyre anamsihi aje kwenye karamu ya sikukuu, na ili aje inabidi amwahidi fedha za kodi ya nyumba. Nesta anakuja. Wenzake wanacheka, wanafungua zawadi, wanataniana. Yeye amekaa karibu na mlango, kimya. Moto umewashwa kwa ajili ya baridi, na kila kuni inapopasuka ule mlio unamkumbusha mfupa ukivunjika. Hakuna mwingine chumbani anayeusikia hivyo. Cassian, jemadari anayempenda, amemtafutia zawadi kwa miezi mingi. Anamfuata njiani ampe, Nesta anaikataa, na Cassian anaitupa mtoni kwa uchungu. Hatuambiwi ndani mlikuwa na nini. Habari ya Nesta inaachwa hapo, na msomaji alilazimika kungoja mpaka mwaka 2021 kilipotoka kitabu kilicho chake.

Nilisoma kurasa hizo mara mbili. Kisha nikakumbuka maneno yangu kwa mpwa wangu: uje, uvae, ucheke.

Ipo sehemu nyingine ambayo hakuitia alama, nami nikajitilia mwenyewe. Rhysand anakwenda kumtazama hasimu wake Tamlin, ambaye watu wake wamemkimbia na kasri lake limekuwa gofu. Mara ya kwanza anakwenda na maneno makali. Mara ya pili anamkuta jikoni, peke yake, na mnyama aliyemwinda. Basi Rhysand, mtu mwenye ufalme, anampikia nyama ile, anamwekea mbele na kumwambia ale. Hawapatani, wala hapana anayemsamehe mwenzake. Ni sahani ya chakula tu. Dini yetu imetufundisha kwamba kulisha ni katika mema makubwa, na kwamba zawadi huvuta mapenzi. Lakini mara nyingi tunapotoa twataka tulipwe papo hapo kwa tabasamu.

KASORO ZAKE

Sitaki msomaji adhani nimelewa sifa. Kitabu kina kasoro. Nyuzi nyingi zimeachwa zikining'inia, zikingojea kitabu kijacho, na mtu asiyesoma vile vitatu vya mwanzo atapotea njiani. Matajiri wake ni matajiri mno, na baadhi ya zawadi zinazopeanwa humo zingeweza kuulisha mtaa mzima. Fauka ya hayo, mfululizo huu una mahaba yaliyo wazi kupita kiasi. Si wa watoto, na mzazi hafai kuununua kwa kutazama jalada lenye nyota.

Hata hivyo, ninaposikia wazee wenzangu wakisema vijana wanasoma upuuzi, huwauliza kama wamewahi kuvifungua vitabu hivyo. Mpwa wangu hakuweza kuniambia kwa ulimi wake hali aliyokuwa nayo. Alilitafuta neno lake katika hadithi ya viumbe wenye mabawa, akaliwekea kipande cha karatasi, akaniletea.

Idi ikafika. Alikuja, amevaa nguo yake ya kila siku, akakaa karibu na mlango. Watoto walipita wakidai mkono wa Idi, wanawake wakapakua biriani, nyumba ikajaa kelele. Shangazi mmoja alitaka kumwita aje katikati, nikamwashiria amwache. Nilichukua sahani, nikaijaza, nikampelekea mwenyewe.

"Kula, mwanangu."

Sikuongeza neno. Alikula nusu. Kisha akaniuliza bila kunitazama:

"Kitabu umekimaliza, Mjomba?"

"Nimekimaliza."

"Si nilikwambia hakina kitu?"

"Uliniambia," nikamjibu, nikakaa naye pale mlangoni mpaka adhana ya alasiri.